Magitaa ya umeme ya ajabu: lipi lina haki ya kupendwa, na kwa sababu gani?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, ningependa tujadili kwa kina magitaa ya umeme yaliyotoka nje ya njia iliyozoeleka, yaani yale ambayo mtu akiyaona jukwaani lazima ageuze shingo mara ya pili, kisha kila mmoja wetu ataje analolipenda na aeleze sababu. Kusema tu kwamba gitaa fulani linapendeza hakutatufikisha mbali. Mimi nitaanza, na nitatumia kipimo kimoja: ugeni wa gitaa hilo unamfanyia mpigaji kazi gani? Likiwa la ajabu kwa macho pekee nitalistahi kama sanamu, lakini likiwa la ajabu kwa sababu fundi wake alikuwa anatafuta dawa ya tatizo la kweli, liwe ni uzito, mizani, mlio unaokatika upesi au bei isiyoshikika, hapo ndipo ninapolipenda kwa moyo wote.

Tukumbuke kwanza kwa nini maumbo haya yanawezekana. Katika gitaa kavu, sanduku la mbao ndilo linalokuza sauti, kwa hiyo fundi hawezi kulikata apendavyo bila kuharibu mlio. Katika gitaa la umeme, uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, mtikisiko huo unazalisha umeme mdogo ndani ya waya, na kazi ya kuukuza inabebwa na amplifaya. Sanduku halihitajiki tena. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walilielewa jambo hili mapema: gitaa lao lililoingia sokoni mwaka 1932, ambalo lilipigwa likiwa limelazwa mapajani, lilimiminwa kwa alumini, na mwili wake ulikuwa duara dogo mno hata watu wakalibandika jina la kikaango. Karibu na mwaka 1940, Les Paul naye aliunda gitaa lake juu ya gogo la msonobari, kisha akaliongezea pembeni mbavu mbili zilizokatwa kutoka katika gitaa la Epiphone ili lifanane na magitaa ambayo watazamaji waliyazoea. Mlio ulitoka kwenye gogo, na mbavu zile zilikuwa kwa ajili ya macho. Kwa maneno mengine, gitaa la umeme lilizaliwa likiwa la ajabu, na umbo tunaloliita la kawaida lilirudishwa baadaye ili kuwatuliza watu.

Nitapita haraka kwenye yale ambayo sitayaweka katika orodha yangu. Gitaa la shingo tano ambalo kampuni ya Hamer ilimtengenezea Rick Nielsen wa kundi la Cheap Trick mwaka 1981 ni onyesho zuri la jukwaani, lakini shingo hizo tano hazimpi mpigaji kitu ambacho asingekipata kwa kubadilisha gitaa. Pikasso, lenye nyuzi 42, ambalo Linda Manzer wa Kanada alimuundia Pat Metheny mwaka 1984, ni ala ya kweli na Metheny amelitumia kwa dhati kabisa, ila asili yake ni gitaa kavu lililofungwa pikapu (kile kifaa cha sumaku na waya kinachonasa mtikisiko wa uzi), hivyo linastahili mjadala wake. Vox ya Uingereza ilijaribu katika miaka ya 1960 kuunganisha gitaa na kinanda: kila freti, yaani kijichuma kinachovuka shingo chini ya nyuzi, iliunganishwa kwa waya na mitambo ya kinanda cha umeme, na mpigaji alipobana uzi mzunguko ulikamilika na noti ya kinanda ikalia. Wazo hilo lilikuwa kubwa kuliko ufundi wa wakati wake, na gitaa lenyewe lilikuwa zito, lenye nyaya nyingi na lisilotegemeka.

Sasa nije kwenye yale yanayonigusa. Flying V ya Gibson ilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Kalamazoo, jimbo la Michigan, wakati kampuni ikiongozwa na Ted McCarty, ambaye alitaka kuonyesha kwamba Gibson haikuwa kampuni ya wazee. Soko halikulipokea. Kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha magitaa 81 yaliyosafirishwa mwaka huo na 17 tu mwaka uliofuata, kisha utengenezaji ukasimama. Jambo ambalo wengi wetu hatulisemi ni kwamba mbao yake, ambayo Gibson waliipa jina la Korina, ni limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ikiwemo misitu ya Kongo. Gitaa linalohesabika kuwa alama ya Marekani ya enzi za roketi lilichongwa kwa mti wa Afrika, na sioni kwa nini sisi tusiitaje habari hiyo kila linapotajwa gitaa hilo.

Je, umbo la V linafanya kazi gani? Ninaona kazi mbili. Ya kwanza ni kwamba mabawa yote mawili yanaelekea nyuma, hivyo mahali ambapo shingo inaungana na mwili pako wazi pande zote, na mkono unafika kwenye freti za mwisho bila kugongana na pembe yoyote. Ya pili ninaiona kubwa zaidi: gitaa hilo lina ulinganifu, upande wa juu ni sawa na wa chini, kwa hiyo mpigaji wa mkono wa kushoto akiligeuza halibadiliki umbo mwilini mwake. Albert King, mpigaji wa blues wa Marekani aliyelitumia Flying V, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto aliyepiga gitaa la mkono wa kulia likiwa limegeuzwa, nyuzi nyembamba zikiwa juu na nene zikiwa chini, na badala ya kuzisukuma nyuzi nyembamba kwenda juu alizivuta kwenda chini. Mivuto ile mirefu ya noti, ambayo wapigaji wa rock wa Uingereza na Marekani wameiga kwa vizazi, ilitoka katika mkono uliokuwa unavuta kuelekea sakafuni. Sidai kwamba Flying V ndiyo iliyomfanya Albert King awe Albert King, lakini ninadai kwamba gitaa la kawaida lenye pembe ndefu upande mmoja lingemsumbua zaidi. Kasoro yake kila mtu anaijua: ukikaa, linateleza pajani. Gibson wenyewe walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana magitaa ya 1958 yana utepe wa mpira ubavuni.

Mwaka huohuo wa 1958, Gretsch walimtengenezea Bo Diddley gitaa la mstatili, kwa kufuata magitaa aliyokuwa ameyaunda mwenyewe kwa mikono yake. Ninalipenda kwa sababu linaendana na muziki wake. Bo Diddley hakuwa mtu wa kukimbia na solo ndefu. Alipiga rithimu moja nzito, mara nyingi bila kubadilisha kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), na gitaa lake lilikuwa karibu zaidi na ngoma kuliko fidla. Mtu mwenye muziki wa namna hiyo hahitaji kiuno chembamba cha gitaa wala upenyo wa kufikia freti za juu, na mstatili unamtosha. Ni gitaa la mtu mmoja, na wanaolinunua leo wananunua kumbukumbu yake.

Kuna wale ambao ajabu yao imo katika malighafi. Airline za Valco ya Chicago, zilizouzwa na maduka ya Montgomery Ward katika miaka ya 1960, zilikuwa na mwili wa fibaglasi uliomiminwa vipande viwili na kuunganishwa kwa ukanda kiunoni. Wengi wamezijua kupitia Jack White, aliyetumia moja nyekundu katika kundi la The White Stripes. Dan Armstrong, kwa ajili ya kampuni ya Ampeg, alitumia akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kati ya mwaka 1969 na 1971, na Keith Richards alipanda nalo jukwaani katika ziara ya Rolling Stones ya 1969. Uwazi huo ndio unaovuta macho, lakini kwangu ubora wake uko kwingine: pikapu zake, zilizobuniwa na Bill Lawrence, zilichomolewa na kuchomekwa nyingine bila kugusa waya hata mmoja, na freti zake 24 zote zilifikika. Tatizo lake ni uzito, kwa sababu akriliki ni nzito na mabega hayadanganyiki.

Travis Bean wa California alichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1979 alitengeneza magitaa ambayo shingo yake ni kipande kimoja cha alumini kinachotoka kichwani hadi chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili, kwa hiyo ncha zote mbili za uzi zinakaa juu ya chuma kilekile. Kwa kuwa alumini hainywi mtikisiko kwa kasi ya mbao, noti inakaa hewani muda mrefu, na Jerry Garcia wa Grateful Dead aliyatumia kwa miaka kadhaa. Lakini alumini hupanuka na kunywea kwa joto kuliko mbao, na mpigaji anayeanza usiku shingo ikiwa baridi na kumaliza taa zikiwa zimeichoma atalazimika kukaza na kulegeza nyuzi mara nyingi.

Ned Steinberger alikuwa mbunifu wa samani, na nadhani ndiyo sababu hakuogopa kuuliza swali ambalo mafundi wa gitaa hawakuliuliza: kichwa cha gitaa kinafanya kazi gani? Kazi yake ni kushika vikazio vya nyuzi, na vikazio vinaweza kukaa popote. Besi yake iliyojulikana mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 haikuwa na kichwa, vikazio vilihamia nyuma ya daraja, na mwili wake wa nyuzi za kaboni na gundi ngumu ulikuwa kijisanduku kidogo tu. Faida yake inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupiga besi usiku mzima: besi ya kawaida ina vikazio vinne vizito mwishoni mwa shingo ndefu, na mkono wa kushoto unageuka kuwa nguzo ya kuizuia isiiname wakati ungetakiwa kucheza. Steinberger alikiondoa kisababishi chenyewe. Baadaye akatengeneza gitaa la nyuzi sita kwa mtindo huo, na mkono wa tremolo, yaani fimbo ndogo ya darajani, unaozishusha na kuzipandisha nyuzi zote kwa kiwango kimoja, hivyo kodi nzima inahama bila kuvurugika. Allan Holdsworth, ambaye kodi zake zilihitaji vidole vinyooshwe hadi mwisho, alilitumia. Pingamizi langu ni moja: toleo la asili lilitaka nyuzi zenye kifundo ncha zote mbili, na nyuzi hizo huzikuti katika kila duka la muziki.

Parker Fly ya mwaka 1993, kazi ya Ken Parker na Larry Fishman, nitaieleza kwa ufupi kwa sababu ninatarajia wengine wataitetea. Ina mbao laini na nyepesi ndani, imefunikwa ganda jembamba la nyuzi za kaboni na kioo, freti zake ni za chuma kisichoshika kutu na zimegundishwa badala ya kupigiliwa, na uzito wake ni karibu kilo 2.3, wakati magitaa mengi ya Gibson yanayoitwa Les Paul yanapita kilo 4. Ken Parker alijifunza kutoka katika ala za nyuzi za zamani za Ulaya ziitwazo lute, ambazo zilikuwa nyepesi mno na zilifunikwa mbao ngumu juu ya mbao laini.

Sasa chaguo langu la kwanza. Si Steinberger wala Parker. Ni Danelectro.

Nathan Daniel alikuwa fundi wa umeme wa New Jersey aliyekuwa akitengeneza amplifaya kwa ajili ya maduka ya Sears na Montgomery Ward, na katikati ya miaka ya 1950 akaanza kutengeneza magitaa kwa ajili ya wanunuzi walewale, yaani watoto wa familia zisizo na fedha nyingi. Alitengeneza fremu ya mbao ya bei nafuu, akaifunika juu na chini kwa hadibodi, ile mbao iliyoshindiliwa ambayo kwetu inawekwa darini na nyuma ya makabati, kisha akaizungushia ubavuni utepe wa plastiki ili kuficha ukingo. Pikapu zake alizifunga ndani ya vibomba vya chuma vinavyotumika kuwekea rangi ya midomo, kwa sababu vilikuwa vinapatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Shingo haikuwa na nondo ya kurekebishwa, bali vyuma viwili vilivyolala ndani yake. Kwenye karatasi, hakuna hata kimoja katika hivi ambacho muuza magitaa angekisifia.

Hata hivyo gitaa hilo linalia vizuri, na linalia kivyake. Mwili wake una nafasi tupu ndani, hivyo ni jepesi na noti zake zinafunguka upesi. Pikapu zake zina waya kiasi, hivyo sauti ni safi na ya wazi. Na Daniel aliziunganisha pikapu mbili kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, badala ya sambamba kama walivyofanya wengi, kwa hiyo ukiziwasha zote mbili sauti inaongezeka nguvu na kunenepa badala ya kukonda. Jimmy Page wa Led Zeppelin alilitumia Danelectro jukwaani kwa nyimbo zilizohitaji nyuzi zikazwe kwa mpangilio usio wa kawaida, wakati alikuwa na uwezo wa kununua gitaa lolote duniani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Daniel vilitengeneza hata gitaa la Silvertone ambalo kasha lake lilikuwa na amplifaya na spika ndani, kwa hiyo mtoto alinunua kitu kimoja akatoka dukani akiwa na kila kitu, na mwaka 1967 wakatoa gitaa linaloiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, lililobuniwa pamoja na Vincent Bell, lenye daraja bapa linalofanya uzi uvume na nyuzi 13 za ziada za kuitikia.

Ninaliweka la kwanza kwa sababu linajibu tatizo zito kuliko yote, nalo ni nani anayeruhusiwa kupiga gitaa. Magitaa mengine niliyoyataja yaliboresha maisha ya mtu ambaye tayari ana gitaa. Hili lilimpa gitaa mtu ambaye hakuwa nalo, na halikumpa mlio wa huruma. Orodha yangu basi ni Danelectro, Steinberger, Flying V, na mengine yafuate. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru kwa uzi huu, lakini kipimo chako kinayaonea magitaa ya urembo. Macho ya watazamaji ni sehemu ya kazi ya mpigaji. Mwimbaji anavaa vazi la jukwaani na hatumuulizi vazi hilo linaongeza nini katika sauti.

Nitatoa mfano wa Italia. Kampuni ya EKO, iliyoanzishwa na Oliviero Pigini mwaka 1959 huko Recanati, ilikulia katika eneo lililojaa viwanda vya akodioni. Mafundi wale walikuwa na ujuzi wa kufunika mbao kwa plastiki inayometa, yenye rangi za lulu na vumbi la fedha, na ujuzi huo uliingia katika magitaa moja kwa moja, pamoja na safu za swichi za kubonyeza zinazofanana na zile za akodioni. Huo ni urithi wa ufundi ulioamua kuendelea kuishi ndani ya ala mpya wakati ala ya zamani ilikuwa inapoteza wanunuzi. Vilevile Antonio Pioli, aliyetumia jina la Wandré katika mji wa Cavriago, alitengeneza magitaa yenye shingo za alumini miaka mingi kabla ya Travis Bean, na miili yake ilikatwa na kupakwa rangi kwa namna ambayo hutapata mfano wake mahali popote. Kwangu mimi Wandré ndiye wa kwanza, kwa sababu kwake ufundi na uchoraji havikutenganishwa.

Na usiwasahau Wajapani. Spectrum 5 ya Teisco ya mwaka 1966, yenye ukingo uliochongwa kwa mteremko, swichi za rangi tano na pikapu zilizogawanywa kwa ajili ya sauti ya njia mbili, ni gitaa ambalo kampuni kubwa za Marekani za wakati huo zisingethubutu kulitengeneza.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hoja yako kuhusu Wandré ninaipokea bila kusita, na kwa kuwa alumini yake ilikuwa na kazi anapita hata katika kipimo changu. Kuhusu Teisco nitaongeza jambo moja linaloniunga mkono. Kitu kilichoendelea kuthaminiwa zaidi katika magitaa yao ya bei nafuu ni pikapu zake zenye karatasi ya dhahabu juu, ambazo Ry Cooder alizihamishia katika gitaa lake la Stratocaster la kampuni ya Fender na kuwafanya wapigaji wa slaidi, wanaotelezesha kibomba juu ya nyuzi, wazitafute kila pembe. Umbo lilibaki kwa wakusanyaji, lakini pikapu zikaendelea kufanya kazi katika magitaa ya watu wengine.

Kuhusu vazi la jukwaani, ninakubali kwamba macho ni sehemu ya kazi. Tofauti ninayoiona ni kwamba vazi linavuliwa likianza kumbana mwimbaji, ilhali umbo la gitaa halivuliki. Likikuumiza mbavu, litakuumiza mpaka wimbo wa mwisho.

Mchangiaji wa pili

Nimeingia ili kuitetea Parker Fly, kama ulivyotarajia. Mimi ni mwanamke, ninapiga rithimu katika bendi ya dansi, na wapenzi wa dansi hapa wanajua kwamba onyesho letu linaanza usiku na kuisha watu wakiwa wamechoka kucheza. Katika dansi, gitaa la rithimu halipumziki. Solo anaweza kusubiri sehemu yake, na besi ana nafasi kati ya mapigo, lakini rithimu inazunguka mwanzo hadi mwisho, na chemko likianza ndipo inapotakiwa kukaza zaidi. Kilo mbili zinazopungua begani ni tofauti ya mkono kubaki mwepesi saa saba za usiku. Kwa hiyo mnapouliza ugeni wa gitaa unafanya kazi gani, jibu langu liko begani.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu yetu hakulitaja, nalo ni hali ya hewa. Ukiishi pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, unyevu na chumvi vinaila ala. Shingo za mbao zinajipinda msimu hadi msimu, nyuzi zinachakaa upesi, na freti za kawaida, ambazo zina nikeli na shaba, zinachubuka na kufifia. Freti za chuma kisichoshika kutu na shingo iliyofunikwa kaboni ni jibu kwa matatizo hayo yote, hata kama Ken Parker hakuwa anaifikiria pwani yetu alipokuwa anachora. Kwa kipimo chako mwenyewe, gitaa hili linastahili kuwa la kwanza, na hadibodi ya Danelectro ndiyo inayopaswa kuogopa unyevu.

Mwanzisha uzi

Dada, hoja yako ya unyevu ni nzito, na ninaona inambana Danelectro kuliko nilivyopenda. Hadibodi ikinywa maji inavimba na hairudi. Kinachoiokoa ni rangi na ule utepe wa ubavuni, na mwenye gitaa hilo pwani hana budi kuangalia utepe usifunguke.

Hata hivyo niruhusu nikuulize kuhusu siku litakapoharibika. Ndani ya Fly kuna mfumo wa umeme wenye utepe wa saketi na pikapu za aina mbili, za sumaku na zile za darajani zinazosikia mgandamizo, na kampuni hiyo imeacha kutengeneza. Fundi wa redio wa mtaani anaweza kuifungua Danelectro, akakuta pikapu, vidhibiti na waya mchache, akauchomelea risasi uliokatika na kulirudisha gitaa kazini jioni hiyohiyo. Akiifungua Fly, naye ni fundi mzuri, bado atahitaji kipuri ambacho hakipo.

Mchangiaji wa pili

Hilo ninalikubali kwa upande wa umeme, na mpigaji mwenye busara anaweza kuuondoa mfumo huo na kuunganisha pikapu za sumaku moja kwa moja kwenye jeki. Mwili, shingo na freti havihitaji kipuri chochote. Nitabaki na Fly yangu, na bega langu linaniunga mkono.

Mchangiaji wa tatu

Ninashangaa kwamba hakuna aliyelitaja gitaa la Brian May wa Queen, ambalo kwangu linazishinda hoja za wote. Alianza kulitengeneza mwaka 1963 akiwa kijana, pamoja na baba yake Harold, ambaye alikuwa mhandisi wa vifaa vya umeme, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kununua gitaa alilolitaka. Shingo ilichongwa kutoka katika ubao wa zamani uliokuwa juu ya meko ya nyumba. Alama za kwenye freti ni vifungo vya lulu kutoka katika sanduku la ushonaji la mama yake. Springi za tremolo zilitoka katika valvu za injini ya pikipiki ya zamani. Pikapu pekee ndizo walizoishia kununua, tatu za Burns, na kila moja ina swichi ya kuiwasha na swichi ya kuigeuza mwelekeo wa wimbi lake, hivyo gitaa moja linatoa milio mingi ambayo magitaa ya dukani hayana. Ndilo analolipiga mpaka leo. Ndugu mwanzisha uzi amesema kwamba Danelectro lilimpa gitaa mtu asiyekuwa nalo. Hapa mtu asiyekuwa nalo alijipa mwenyewe.

Na kama tunazungumzia hilo, basi tusibaki Ulaya na Marekani. Kinshasa kuna kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960, ambalo liliziunganisha likembe, ala za vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na umeme kwa pikapu zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari. Katika mji huohuo, Roger Landu wa Staff Benda Bilili alijitengenezea satonge, ala ya uzi mmoja iliyofungwa kwenye kopo la bati, na akailiza kwa umeme mbele ya hadhira za Ulaya. Ninajua satonge si gitaa kwa maana ya nyuzi sita na freti. Lakini kwa kipimo cha uzi huu, niambieni ni ala gani ya umeme iliyojibu tatizo zito zaidi kwa vitu vichache zaidi.

Mwanzisha uzi

Ndugu, kuhusu Brian May nilimwacha kwa makusudi kwa kuwa nililinganisha magitaa ambayo mtu mwingine angeweza kuyanunua, lakini hoja yako inaonyesha kwamba mpaka huo unaacha nje mambo mengi ya maana. Nitalitenga katika fungu lake, fungu la magitaa yaliyoundwa na wapigaji wenyewe, pamoja na mstatili wa kwanza wa Bo Diddley, na katika fungu hilo ninaliweka la kwanza bila kusita.

Satonge sitaiita gitaa, kwa sababu Landu mwenyewe ameipa jina lake na ina njia yake ya kupigwa: uzi mmoja unaning'inia kati ya kopo na ufito uliopinda, na noti zinabadilishwa kwa kuukaza na kuulegeza ufito, bila freti hata moja. Lakini ningependa watengenezaji wa magitaa waitazame sehemu hiyo. Mkono wa tremolo wa Steinberger na springi za pikipiki za Brian May zinatafuta jambo hilohilo, yaani kuuhamisha mlio bila kuhamisha kidole, na satonge inalifanya kwa ufito mmoja.

Kwa hiyo, baada ya yote yaliyosemwa, orodha yangu ya magitaa ya kununuliwa imebadilika kidogo. Danelectro linabaki la kwanza. Parker Fly linapanda hadi nafasi ya pili kwa ajili ya mtu anayepiga pwani na anayepiga kwa saa nyingi, mradi akubali kuurahisisha mfumo wake wa umeme. Steinberger linashuka nafasi moja kwa sababu ya nyuzi zake, ingawa magitaa mengi yasiyo na kichwa yanayotengenezwa sasa yana kibano kinachoshika nyuzi za kawaida, na mwenye nia ya kwenda njia hiyo aanzie huko. Flying V ni la nne, na wale wa mkono wa kushoto wanaruhusiwa kulipandisha.

Kama kuna mwenye Danelectro ya zamani au mojawapo ya matoleo mapya yanayofuata ramani ya miaka ya 1950, ningeomba atueleze pikapu zake zimeunganishwa kwa mfuatano au sambamba, na kama anasikia tofauti anapoziwasha zote mbili katika amplifaya ndogo.